Shimu ya Bati

Hamali wanne waliileta Langoni
ikining'inia kwenye boriti kama mbuzi wa karamu,
wakipiga kelele watu wapishe vichochoroni.
Silinda moja. Fulaiwili pana kama sinia la pilau.
Rangi ya kijani imebaki nyuma ya pampu tu,
pale ambapo mkono wa mtu haufiki.

Mwenyewe, Bwana Shali wa Faza,
aliketi juu ya debe akauliza jambo moja:
"Utatia vya Mombasa au vya Dubai?"
Nikamwambia, kwanza nifungue.

Nimefungua.
Nimetandika mkeka mkuukuu, kila kitu
kimelala kwa zamu kilivyotoka,
maana injini ni msuko:
ukifumua ovyo, hutasuka tena.
Silinda ilivuka Mokowe, ikapanda basi,
ikachongwa Mombasa, ikarudi inang'aa
na mchanga wa njiani ndani ya gunia.

Sasa kuchagua.

Ringi: seti mbili.
Moja ya juzi, pakiti ina picha ya simba.
Nimeitia ndani ya silinda, nikapitisha fila:
mwanya wake unacheka.
Ya pili ilisahauliwa rafuni Malindi
tangu mwenye duka alipokuwa na nywele,
karatasi ya nta imeshikana nayo kama ngozi.
Niliimenya taratibu. Imekaa
kama kifuniko na chungu chake.
Nimechukua hiyo.

Msidhani naabudu ukale.
Nozeli ya zamani nimeijaribu: inakojoa.
Mpya inapuliza ukungu. Nimechukua mpya.
Na impela mpya, bila mjadala;
mpira hauzeeki kwa heshima.

Kisha chini ya silinda nikakuta shimu
ambayo kiwanda hakikuijua.
Bati la kopo la maziwa, limekatwa kwa mkasi,
ukingoni bado pana kwato nyekundu ya ng'ombe.
Matundu ya stadi yametobolewa kwa msumari,
yakasuguliwa kwa jiwe.

Naujua mkono huo.
Baba hakuweza kukata duara.
Alianzia kushoto, akazunguka, akafika
alipoanzia akiwa amechelewa kidogo,
kikabaki kidomo kinachotokeza.
Chapati zake pia zilikuwa na kidomo.

"Taka hizo," alisema Bwana Shali. "Tupa, tia mpya."

Nikaleta maikromita.
Nilipima mara tatu; ya kwanza siihesabu,
mkono haukutulia.
Nikatia shimu mpya, nikaweka uzi wa risasi
juu ya pistoni, nikazungusha fulaiwili kwa mkono.
Uzi ukatoka mnene. Pistoni iko chini mno;
asubuhi ya mvua ingekohoa tu isiwake.
Nikatoa. Nikatia bati.
Uzi ukatoka mwembamba, umepondeka sawasawa,
unene uleule ulioandikwa kitabuni
kwenye ukurasa wenye dole gumba la grisi.

Si mapenzi. Kipimo ndicho kilichochagua.
(Kingekataa, sijui ningelifanya nini lile bati.
Ningeliweka wapi?)

Jioni niliandika risiti.
Ringi, seti moja. Nozeli moja. Impela moja.
Kuchonga silinda, na nauli, kwenda na kurudi.
Shimu moja, bati.
Nilipofika kwenye safu ya bei, kalamu ikasimama.

Bwana Shali alichungulia juu ya bega langu.
"Na hiyo je?"
"Hiyo ulishailipa zamani," nikasema.

Alitazama mkeka, ukiwa mtupu sasa,
ila nati moja ambayo sikuuliza imetoka wapi.
Akavua kofia, akaifuta jasho kwa ndani.
"Sikumlipa," akasema.
"Alinambia, hata ukipata.
Nikapata. Nikapata tena.
Nikawa nikimuona msikitini natokea mlango wa pili."

Basi nikaandika bei.