Mto wa Kukesha

Meza imeshindwa na ramani. Tumezitandika mbili kitandani,
zimeungwa kwa gundi: Glenfinnan miguuni,
Inverie juu kabisa, imelalia mto,
na katikati milima, mistari yake imebanana
kama meno ya kitana.

Ruaridh, jirani wa ghorofa ya chini,
miaka thelathini kapeleka barua hapa Fort William,
hajui kupiga magoti bila kuguna.
Namwazima uzi mwekundu wa cherehani.
Anaulaza juu ya njia, kona kwa kona,
anaubana kwa pini zangu, kisha anaunyoosha
kando ya futi kamba.
Sentimita mia na themanini.
"Njia imekuzidi kimo, Mishi."
Imenizidi, kweli. Siku nne basi, si tatu,
maana chini ya rangi ile ya kahawia ni tope la mboji
linalomeza buti na kukurudishia soksi.

Tunapima. Mizani ya jikoni, ya unga na sukari.
Amekata mpini wa mswaki wake, anaringa nao.
Mimi nimetoa riwaya, nimetoa kioo,
sitoi tangawizi, sitoi kanga:
ni taulo, ni shuka, ni bandeji,
na mambo yakiharibika ni bendera ya kuitia helikopta.
Ananuna. Anaandika: kanga, gramu mia mbili.

Mvua hatukuiwekea safu.
Huku haina masika wala vuli, haijui kupiga hodi;
kuna rasharasha ya kulowesha kope,
kuna ya ubavuni, na ile inayopanda toka bondeni
ikuingie kwa chini, kwenye mikono ya koti.
Isiponyesha kuna visubi.
"Chagua," anasema Ruaridh, na anacheka peke yake.

Siku ya tatu njia inashika ufuko, karibu na kibanda cha Sourlies.
Maji yakijaa hakuna njia, kuna mwamba.
Anapekua jedwali, miwani imemshuka puani.
Nami nahesabu mwezi kwa vidole,
kama nilivyozoea Gazi kabla sijajua kusoma:
kumi na nne, bamvua.
"Yatapwa saa saba mchana," nasema.
Kimya. Kidole chake kinatambaa kwenye tarakimu.
"Saa saba na dakika nne," anasema,
kama mtu aliyeletewa barua asiyoitarajia.

Kisha tumefika pale.
Hapana jina: mstari wa buluu, mwembamba kuliko uzi.
Kuna mto wa kulalia na kuna mto wa kukesha;
huu nimekesha nao tangu Septemba.
Usiku mmoja wa mvua ulitosha ungurume kama lori.
Nilisema turudi. Alisema dakika tano tu,
akaingia hadi nyonga,
nikamtoa kwa mkanda wa shanta,
kucha zangu mbili zikabaki huko.
Siku mbili za kurudi, hakuna aliyemwambia mwenzake
hata "angalia, utelezi".
Kisha miezi minne ya kupishana ngazini.
Maji usiyoyafika hujui wingi wake, husema kwetu.
Yale tuliyafika, na bado mmoja wetu hakujua.

Ruaridh analamba ncha ya penseli.
Anaandika pembeni mwa ramani, herufi zimesimama wima:
Maji yakifika kwenye magoti, tunarudi. Hakuna mjadala.
Anatazama miguu yake mirefu,
anatazama yangu, inayoning'inia ukingoni mwa kitanda
bila kugusa zulia.
Anachomeka maneno mawili baada ya magoti:
ya Mishi.

Nafunga fundo kwenye uzi, mahali pale pale.
"Sufuria moja au mbili?" anauliza,
na hapo ndipo ugomvi unapoanza.