Mtoto wa Jicho

Anza nje, ingia kati. Ndivyo alivyonifunza Shangazi Time
kanvasi ikiwa bado mpya, kavu kama ng'onda,
na vidole vyangu vimezoea kalamu tu.
Hesabu nyuzi mbili kulia, mbili juu,
sindano itoke pembeni, izame katikati,
itoke tena, izame pale pale:
safari kumi na sita, mlango mmoja.
Na ukivuta, vuta kwa adabu.
Ukilegeza, tundu halifumbuki.
Ukikaza mno, kanvasi hukunja uso
kama mkwe aliyetiliwa chai bila sukari.

Washona kofia wa Kibokoni hukiita kiua.
Yeye hukiita jicho.
"Mto huu uwe na macho mia na arubaini na nne,
bibi harusi asiibiwe mume."

Stima ikikatika Mkanyageni, mimi husimama.
Yeye huendelea.
Namsikia gizani, uzi ukipita kwenye matundu,
sss, kimya, sss,
kama mtu anayenyamazisha kichanga.
Ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto.
"Sikuzaa," hucheka, "Mungu kanipa pacha uzeeni,
na wote wawili wamekataa kuondoka nyumbani."

Juzi alipitisha dole gumba kwenye safu yangu ya saba,
taratibu, kama anayechagua mchele.
Akatua.
"Hapa kuna mmoja hajafika."
Nikahesabu. Kumi na tano.

Uzi wa kijani uliisha Ijumaa.
Nilishuka Barabara ya Biashara na kipande mkononi,
Murtaza akakiweka juani, akakirudisha kivulini,
akatikisa kichwa: nambari hiyo haiji tena.
Akanitolea binamu yake.
Ni kijani, ndiyo, lakini kijani cha ganda la ndimu,
na sisi tulianza na cha jani la mkunazi.
Nikalipa. Sikumwambia shangazi.
Macho ishirini na matatu sasa
yanatazama kwa rangi ile nyingine.

Jumatatu wanamtoa mtoto wa kulia.
Atarudi na bandeji, atalala nayo,
asubuhi wataifungua,
na kitu cha kwanza atakachoitisha, namjua,
si kioo, wala si sura yangu
aliyoiacha nikiwa na miaka thelathini na sita.
Atasema: lete mto.

Stima imerudi. Tofauti naiona
hata nikisimama mlangoni.
Nimeshika mkasi, nimeuweka.
Nimeushika tena, nikakata ncha ya uzi
isiyohitaji kukatwa.

Kutoka kitandani ananiuliza nimefika wapi.
Safu ya kumi, namjibu.

Kimya kidogo. Kitanda kinalia, amegeukia huku.

"Mbona sikusikii ukivuta?"