Daftari la Matroni

Ijumaa saa sita kengele hulia mapema.
Watoto huoga, ndoo moja watu wawili;
maji ya Hombolo yana chumvi, sabuni haitoi povu,
lakini Sabato haingojwi na vumbi shingoni.

Mimi ndiye matroni. Nina daftari la mistari
tangu shule ilipokuwa madarasa mawili na choo:
nani kakohoa, nani kalowesha godoro,
nani kashika tumbo siku ya mtihani wa hesabu
likapona saa nne, chai ilipofika.
Tumbo la mtoto husema ambayo kinywa kimeyameza.
Hilo sikulisomea. Nimelikuta humo humo daftarini.

Mwezi wa tatu tunachuma zabibu.
Mwalimu Ezra, na kile kikofia alichofumiwa na mkewe,
huwasomea Torati katikati ya mizabibu:
msivune mpaka mwisho, acheni pembe ya shamba,
ni ya maskini, ni ya mgeni.
Hadasa wa darasa la nne, kiherehere chake, akauliza,
"Pembe hatua ngapi, mwalimu?"
"Haina kipimo."
Wakaandika wote: *Haina kipimo.*
Wakapigia mstari kwa rula.

Siku hiyo Natani Chilongani alishika tumbo.
Nikafunua nyuma. Mwezi wa nane, tumbo.
Mwezi wa tatu ule mwingine, tumbo.
Homa hana, ulimi safi.
Nikamlaza karibu na dirisha, nikampa uji wa uwele.
Hakunywa. Alikuwa anachungulia penye upenyo wa pazia.

Kule pembeni wanawake watano wameinama,
ndoo za plastiki, mmoja kitenge cha njano,
kichanga mgongoni.
Uji ukapoa, ukafanya utando.
"Yule wa njano," nikaanza.
"Simjui," akasema,
na mimi nilikuwa bado sijauliza.

Jamani, tulifundisha vizuri!
Darasa zima linajua pembe ni haki, si hisani.
Wamechora, tumebandika ukutani:
shamba la kijani, jua lenye miguu,
na pembeni mtu mdogo asiye na uso.
Nani kati yetu aliwahi kuuliza
mtu huyo ni mama wa nani?

Sikumhubiria. Mahubiri shuleni yalishatosha.
Nikavua koti jeupe, nikashuka shambani,
nikainama jirani na kitenge cha njano.
"Mbukwa."
Akaitikia bila kunyoosha mgongo.
Tukachuma kimya, vishada viwili, vitatu,
kisha chini chini: "Wangu hajambo?"
"Hajambo. Tumbo kidogo."
"Najua," akasema.
"Ndiyo maana huwa siangalii dirishani."

Jioni Tirza aliwasha mishumaa miwili,
akaikinga kwa viganja, upepo wa Dodoma hauna adabu.
Kikombe cha juisi kikazunguka meza,
kikafika kwa Natani.
Alikinusa kwanza, muda mrefu,
kama mtu anayetafuta mkono uliochuma.
Akanywa.

Sabato hatuandiki.
Jumamosi nikangoja nyota tatu, nikazihesabu mara mbili,
ndipo nikashika kalamu.
Jina, nikaandika. Tarehe, nikaandika.
Penye *ugonjwa* nikaacha nafasi,
nikaiacha pana.