Daftari la Masufuria

Nina masufuria kumi na mawili ya kukodisha,
Mwanga, nyuma ya soko, mlango wa bati la bluu.
Kubwa kuliko yote linaingia mtoto wa miaka saba;
tulilipima kwa mjukuu wangu Hamduni,
akagoma kutoka.

Kila sufuria lina namba kwa rangi ya kucha
na kila namba ina ukurasa:
nani kachukua, shughuli gani, lini atarudisha.
Kabila sikuandika. Halikuwa na safu yake.
Shughuli zenyewe ni tatu: harusi, msiba, hitima.
Na ubatizo, nimesahau. Na mikutano ya chama.

Lakini sufuria halifichi lilikolala.
Namba nne likirudi nalijua kabla ya kufunua:
mawese. Akina Ntahondi wa Gungu wamemaliza matanga.
Namba saba lina iliki kwenye mishikio;
ni Bi Zaituni wa Ujiji, pilau la akika.
Namba mbili limeungua chini:
vijana wa kwaya.
Hao hawana kabila, wana haraka.

Namba tisa ni la Wabiwa.
Siku ya kwanza alikuja kuniomba nyungu ya sombe.
Nikamwambia hili ni sufuria, na hicho ni kisamvu.
Akasema, majani ni yaleyale, dada,
tofauti ni mdomo.
Tukabishana hadi adhuhuri,
ndagala au dagaa, bukari au ugali,
mpaka Mama Bukuru akapita na "Mwakeye!" yake,
akaonja, akatema,
akatuambia sote wawili hatujui kupika.

Kisha walikuja watu wa semina.
Kitambaa ukutani: TAMADUNI NYINGI, JAMII MOJA.
Tukapewa soda, tukaombwa tuseme,
kila mtu sentensi moja, maana yake nini.
Nilipofikiwa niliangalia chini.
Wali waliokula ulipikwa kwenye namba kumi na mbili
na hawajanilipa hadi leo.

Jumanne moja wakaja wengine, bila kitambaa.
Walimuuliza Wabiwa amezaliwa wapi.
Alijibu kwa Kiswahili,
ila kile cha ng'ambo, kinachovuta maneno
kama mtu anayeburuta kiti.
Wakatazamana.
Mimi nilikuwa mlangoni, mwiko mkononi.

Bibi yangu mzaa mama alivuka maji hayohayo
na mkeka mmoja na kuku mmoja,
asiulizwe kitu
ila kama anajua kusuka ukili.
Nilikuwa nalo hilo la kusema.
Lilifika hapa, kooni.
Mwiko ulidondosha uji kwenye mguu wangu
nikainama kuupangusa,
na nilipoinuka gari lilishageuza.

Ukurasa wa tisa ulikaa wazi wiki tano.
Mama Bukuru alichungulia:
"Halijarudi?"
"Halijarudi."
"Sufuria, au mtu?"
Sikumjibu. Nikajifanya nahesabu vifuniko.

Jana alikuja binti yake, Riziki,
namba tisa kichwani, limesuguliwa kwa majivu
hadi linamulika dari.
Mama yuko Kasulu, kambini, akasema.
Kasema usimdai siku zilizozidi.
Nikafunua.
Chombo hakirudi kitupu, walitufundisha wote,
wa huku na wa kule:
ndani kulikuwa na fungu la majani ya muhogo,
mabichi, yamefungwa kwa uzi wa sweta.

Nikaandika: *Limerudi.*
Nikakaa. Nikaongeza: *Mwenyewe bado.*

Jumamosi napanda basi la Kasulu.
Namba tisa nitalipakata, si la kuweka buti.
Ndani nimetia migebuka mikavu, chumvi,
na yale majani, nimeyatwanga usiku
huku nikiyaita sombe, kwa sauti,
peke yangu, Hamduni akinicheka.

Daftari nimelijaza kama kawaida.
Mkodishaji: mimi.
Siku ya kurudisha: sijui.
Shughuli:
kalamu imesimama hapo tangu alfajiri.
Si harusi. Si msiba.
Sina jina lake.