Zamu ya Kuziba

Ijumaa ya mwisho ya Aprili, saa kumi na mbili jioni,
Budapesti ilinuka mvua na mpira wa breki.
Nilipewa zamu ya kuziba:
kuikingamisha baiskeli yangu
kwenye mdomo wa mtaa wa Dob,
magari yasichomoke, msafara upite mzima,
uzi usikatike tunduni mwa sindano.

Kazi ya kuziba haina sifa.
Wenzako wanapita wakipiga kengele,
wewe unatazamana na boneti.
Ildikó aliyenifunza alisema: Usibishane.
Tabasamu. Sema asante, dakika tano tu.
Wakimtukana mama yako, kumbuka mama hayupo hapa.

Wakaja.
Mbele watoto, migongoni mwa baba zao,
kofia ngumu zimewaelemea kama vibuyu.
Akaja Rezső wa posta na sare yake ya kazini.
Akaja bibi wa magurudumu matatu,
kitunguu jani kikichungulia kikapuni.
Kisha sikuweza tena kutenga mtu na mtu.
Ilibaki minyororo, chwichwichwi,
na barabara iliyozoea kunguruma
ikawa inanong'ona,
hata nikasikia mtu ghorofa ya tatu
akikwaruza sufuria.

Honi.
Nikageuka na tabasamu langu la mafunzo.
Teksi ya njano. Na nyuma ya usukani
Dezső, kaka yangu, niliyenyonya naye ziwa moja.

"Piroska. Toka."
"Asante, dakika tano tu."
"Mita inahesabu."
Ilihesabu kweli, tarakimu nyekundu
zikirukana kama viroboto,
na kiti cha nyuma mzee na sanduku
akiibusu saa yake kwa macho: treni ya Pécs.

Ningeweza kumtaja Bálint.
Ningeweza kusema: baiskeli nyeupe
iliyofungwa kwa mnyororo pale darajani,
Novemba, mlango wa gari uliofunguliwa bila kutazama.
Lakini Dezső alilibeba lile jeneza upande wa kushoto,
mimi nilikuwa nyuma yake,
niliiona shingo yake ikiloa.
Jina lile tukalipita sote wawili
kama gari linavyoipita taa ya njano.

Mzee akafungua mlango
(alitazama kwanza, nilimwona akitazama).
"Sikufika, silipi," akasema,
akaburuta sanduku hadi kwa kijana
mwenye baiskeli ya mizigo.
Sanduku likapanda. Mzee akapanda juu ya sanduku.
Wakaenda zao stesheni, kofia ya mzee
ikielea juu ya vichwa vya watu.

Dezső akazima injini.
Akalaza kichwa nyuma.
Sikujua kama ni hasira au usingizi,
na sikuwa na ruhusa ya kuacha zamu niulize.

Dakika tano zilikuwa arobaini.
Bustanini, mwisho wa safari, tuliinua baiskeli
juu ya vichwa, maelfu ya magurudumu
yakizunguka bure hewani, yakitafuta ardhi.
Watu walipiga vigelegele.
Mimi mikono ilitetemeka
na mafuta ya mnyororo yakanidondokea shavuni.

Jumapili, mchuzi wa kuku kwa mama.
Hakuna aliyesema neno hadi mifupa.
"Nakudai," akasema Dezső,
"forinti elfu mbili na mia nne."
Nikamwaga sarafu mezani.
Akazihesabu moja moja, zote,
akazitia mfukoni, zote. Sikutegemea vingine.
Mama akaondoa sahani.

"Mlikuwa wangapi?" akauliza, akitazama dirisha.
Nikasema sijui, nani angehesabu,
maelfu labda.
"Mbele yangu walipita mia tisa kumi na mbili," akasema.
Akachokonoa jino. Akafikiri kidogo.
"Mmoja, msichana wa koti la bluu,
hana taa ya nyuma.
Mwambie."