Dakika Tatu na Sekunde Kumi na Moja

Jioni hii wameupiga tena,
mapumziko ya kipindi cha pili,
watu elfu mbili uwanjani Tampere wamepanga foleni ya soseji,
na mimi juu ya mashine ya kulainisha barafu
nazunguka polepole kama anayesukuma kiti cha mgonjwa.
Sauti ya Eetu ikashuka kutoka darini:
umerudi, umeondoka, mlango umechoka.
Watoto wa safu ya tatu wanaujua wote kwa moyo.
Mmoja alinipungia mkono.
Hajui mlango anaouimba ni wangu,
ule wa kijani, kule Pispala, bawaba yake ya chini imelegea
tangu usiku ule wa Machi alipoufunga kwa teke.

Hatukuachana mara saba.
Saba imekaa vizuri kwenye mizani, naelewa.
Zilikuwa tano,
na ya nne sijui kama inahesabika:
alitoka asubuhi na gitaa, saa sita mchana akarudi
kwa sababu alisahau chaja ya simu,
tukanywa supu ya samaki, hatukusemezana,
akasinzia pale pale na viatu vyake.

Wala sikulia kwenye kituo cha tramu.
Aliyelia ni yeye. Mimi nilimshikia glavu.
Kwenye wimbo machozi yamehamia kwangu
kama vile samani zilivyokuwa zikihama,
kiti chake cha bembea kuja, kwenda, kuja,
mpaka jirani yangu Hilkka akauliza ngazini
kama tumefungua kampuni ya uchukuzi.

Na koti jekundu?
Sijawahi kuwa na koti jekundu.
Pengine ni la mtu mwingine.
Hilo nimelifikiria kuliko linavyostahili,
hasa kwenye kona, ambako lazima nipunguze mwendo.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Waliosema hawajafanya kazi yangu.
Mimi huyamwaga kila siku, ya moto, mamia ya lita,
yakaganda, nikayakwangua,
nikayabeba tumboni mwa mashine
na kuyatupa nyuma ya jengo, kwenye kichuguu cha theluji chafu
kisichoyeyuka mpaka Mei.
Yanazoleka.
Ila hayarudi kuwa ya kunywa.

Nikipita, mikwaruzo yote hupotea,
barafu inang'aa kama hakuna aliyewahi kuanguka hapo.
Kwa dakika chache.
Kisha geti linafunguliwa
na wanaingia wote, visu miguuni.

Jana usiku, baada ya miezi mitano, aliniandikia:
Umeusikia?
Nikaandika, Kila siku, kazini. Nikafuta.
Nikaandika, Koti la nani? Nikafuta.
Nikaweka simu kwenye droo ya vijiko
na nikaisikia ikitetemeka humo, vijiko vikilia kama meno.

Kuna mahali pamoja tu ambapo sina la kusahihisha.
Kabla ya mstari wa mwisho ngoma zinanyamaza
na unasikia anavuta pumzi, kidogo, kwa pua.
Fundi mitambo angeweza kuikata. Aliiacha.
Ni pumzi ile ile aliyokuwa akivuta nje, gizani,
kabla ya kugonga.
Nilikuwa nimesimama upande wa pili, miguu peku,
mkono tayari kwenye kitasa,
nikimwacha agonge ili asijue.

Hilo hakuliimba. Halijui.

Wimbo uliisha nikiwa sijafika nusu ya uwanja.
Wakaweka tangazo la matairi.
Nikaendelea kuzunguka.
Mfukoni nina bawaba mpya, ya shaba, na skrubu zake nne,
bado kwenye karatasi ya dukani.
Wiki ya tatu sasa.