Nasoma Tu

Kazi yangu ni kusoma.
Ukitaka kucheka, cheka. Nasoma mita za maji,
Buruburu hadi Umoja, nyumba mia na kumi kwa siku,
nikichutama, nikifunua vifuniko vya chuma,
mende wakinipita mikononi kama umbeya.
Sifuri, sifuri, nne, saba, mbili.
Hadithi isiyo na mhusika,
na mwisho wake mtaa mzima unaujua: bili.
Kisha mama mmoja, khanga kiunoni,
ananiuliza ni nani aliyeyanywa maji yote hayo
ilhali mfereji wake unakohoa upepo tangu Jumatatu.
Mimi si kampuni, mama. Mimi nasoma.

Jioni napanda ngorofa nne, na ngazi za paa.
Huko juu kuna matangi meusi, kamba za nguo,
na soksi za watoto wa Nyaboke zisizopata wenzake.
Naweka beseni. Maji ya moto, konzi ya chumvi.
Miguu inaingia, inashtuka, inasamehe.
Ndipo natoa kitabu kwenye mfuko wa unga.

“Kageha, mtihani lini?”
Ni Omwansa, mlinzi wa ploti, amekuja kupima tangi kwa fimbo.
“Sina mtihani.”
“Sasa unasomea nini?”
“Nasoma tu.”
“Tu?”
Tu.

Lugha hii imeipa nazi majina tangu udogoni,
kidaka, dafu, koroma, hata ikafika kuwa nazi.
Lakini kusoma mita ni kusoma,
kusoma notisi ya kuhama ni kusoma,
na huku kwangu, miguu majini, roho ikijinyoosha
kama paka aliyepata jua,
nako ni kusoma. Basi nimejiongezea hilo “tu”
kama mtu anavyoongeza chumba kwa mabati.

Kitabu nilikinunua kwa Mutinda, kwenye gunia lake
karibu na barabara ya Latema, shilingi hamsini.
Hakina jalada. Kinaanzia ukurasa wa tisa,
watu wameshakasirikiana na hujui kwa nini,
kama kuingia harusini umechelewa.
Pembeni kuna mtu aliyenitangulia na penseli:
*Usimwamini huyu.*
Kurasa thelathini mbele: *Si nilikwambia?*
Simjui. Namwamini kuliko kundi zima la familia kwenye simu.

Mwaka jana tulimzika Asava, mdogo wangu.
Daftari la michango nililishika mimi.
Nilihesabu viti, nikalipa hema,
nikamtafuta aliyeondoka na sufuria ya kanisa.
Shangazi akasema, huyu ana moyo wa mwanamume.
Nikarudi Nairobi macho makavu.
Jumatatu, sifuri, sifuri, tisa, moja.

Jana, ukurasa wa mia na kumi na mbili,
mjane mmoja asiyekuwako popote duniani
alimuuza mbuzi wake,
na mbuzi, akiburutwa, akageuka kumtazama.

Nililia. Si kile cha kupangusa kwa kidole,
nililia mpaka kamasi, mpaka maji ya beseni yakapoa,
mpaka shuka la Nyaboke, Mungu anisamehe, likapata kazi.
Pembeni, penseli ilikuwa imeandika neno moja:
*Hapa.*

Leo Omwansa amekuja tena na fimbo yake.
Hapimi tangi.
“Jana nilikusikia. Ni msiba?”
“Ni mbuzi,” nikamwambia.
“Amekufa?”
“Ameuzwa.”
Akakaa juu ya debe, kofia magotini.
“Huko kuuzwa ndiko kubaya zaidi,” akasema,
na mimi sikuuliza ni mbuzi gani anayemwongelea.
“Hebu soma. Anzia alipofungwa kamba.”

Stima imekatika. Nawasha tochi ya simu,
nasoma kwa sauti, polepole, Dandora ikififia nyuma ya nguo.
Kurasa za mwisho hazipo, nilishachungulia.
Sijamwambia.